Merikebu ya Makaa ya Mawe

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani mliojaliwa kufika, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu wa Kidato cha Tano na cha Sita mliosimama nyuma kwa kukosa viti:

Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote ila siasa na michango. Michango ataieleza yeye mwenyewe baada ya chakula. Basi mimi nimechagua kuzungumza juu ya merikebu. Najua wengine mtashangaa, maana mnanifahamu kuwa ni mtu wa mafaili. Naomba mnivumilie kidogo.

Waliokuwa nami Kidato cha Pili watakumbuka somo la Jiografia juu ya safari za Wazungu. Tulikariri kwamba nahodha James Cook alifika Australia mwaka 1770, tukaandika katika mtihani, tukapata maksi zetu. Juu ya chombo kilichomfikisha huko hatukuulizwa, wala sisi hatukuuliza. Mimi nilikuja kukisoma habari zake ukubwani, katika kipindi ambacho kazi yangu ilikuwa chungu, na sababu yake nitaieleza.

Chombo hicho kilijengwa katika bandari ndogo ya Whitby, kaskazini mwa Uingereza, katika kiwanda cha Thomas Fishburn, kikashushwa majini mwaka 1764. Jina lake la kwanza lilikuwa Earl of Pembroke. Kilikuwa na urefu wa futi 97 na inchi 8, na upana wa futi 29 hivi. Hakikuwa chombo cha fahari. Kilijengwa kubeba makaa ya mawe kwenye pwani ya Uingereza. Umbo lake lilikuwa nene, tumbo pana, chini bapa, na mwendo wake mzito. Lakini ubapa ule ulikuwa na faida yake: maji yakipwa, chombo kiliweza kukaa juu ya mchanga bila kupinduka, kama majahazi yetu yanavyokaa pwani yakingoja maji kujaa.

Mwaka 1768 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilitafuta chombo cha kupeleka wataalamu katika Bahari ya Pasifiki, kutazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Kwa kupima mpito huo kutoka mahali mbalimbali duniani, wataalamu walitarajia kukadiria umbali kati ya dunia na jua, ambao leo tunajua ni karibu kilomita milioni 150. Manowari zilikuwapo, tena nyingi. Lakini safari ile ilihitaji nafasi ya kuweka chakula cha zaidi ya mwaka mzima, na chombo kinachoweza kupandishwa ufukweni kikatengenezwa mahali pasipo na gati wala fundi. Wakanunua chombo cha makaa kwa pauni 2,840 na kidogo zaidi, wakakitengeneza upya, wakakiita Endeavour, maana yake Juhudi.

Aliyepewa kukiongoza naye hakutoka katika ukoo mkubwa. Cook alizaliwa mwaka 1728, mtoto wa kibarua wa shambani, akajifunza ubaharia Whitby hiyo hiyo katika vyombo vya makaa. Kwa hiyo nahodha na chombo walikuwa wa shule moja, kama sisi.

Waliondoka Plymouth mwezi Agosti 1768, watu 94, pamoja na mbuzi wa maziwa ambaye alikwisha kuizunguka dunia mara moja katika merikebu nyingine. Walipita Rio de Janeiro, wakazunguka Rasi ya Horn, wakafika Tahiti Aprili 1769. Tarehe 3 Juni walitazama Zuhura ikipita. Jambo hili nalisema kwa furaha ya pekee, kwa sababu tarehe 8 Juni 2004, nikiwa Chuo Kikuu, tuliliona hapa kwetu. Tulielekeza darubini kwenye jua, tukaiacha taswira yake ianguke juu ya karatasi nyeupe, na pale tukaona kidoa cheusi kikitambaa polepole. Asiyeambiwa angedhani ni uchafu wa kioo. Kwa ajili ya kidoa kile watu walizunguka dunia. Mpito mwingine utakuwa mwaka 2117, na sisi hatutakuwapo.

Kutoka Tahiti walichukua mwenyeji mmoja, jina lake Tupaia, mzaliwa wa kisiwa cha Raiatea. Huyu alikuwa kuhani na mwanamaji aliyezijua nyota na visiwa bila karatasi wala dira. Walipofika New Zealand Oktoba 1769, Tupaia ndiye aliyeweza kusemezana na Wamaori, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Hata hivyo damu ilimwagika tangu siku za kwanza, kwa risasi za wageni. Na walipoingia Botany Bay, Australia, mwezi Aprili 1770, wenyeji wawili walisimama ufukweni na mikuki kuwazuia, nao wakapigwa risasi, mmoja akajeruhiwa. Agosti mwaka huo Cook alitangaza pwani nzima ya mashariki kuwa mali ya mfalme wake. Wenyewe hawakuulizwa. Mwaka 1788 walowezi wa kwanza walifika. Sisi tuliotawaliwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Merikebu ambayo Waingereza waliisifu, kwa watu wale ilikuwa mwanzo wa msiba, na anayeisimulia imempasa asimulie yote mawili.

Usiku wa tarehe 11 Juni 1770 merikebu ilipanda juu ya mwamba wa matumbawe, kaskazini mashariki mwa Australia. Maji yakaanza kuingia. Walitupa baharini mizinga sita, mawe na chuma cha farumi, mapipa na vyakula vilivyoharibika, uzito wa tani 40 au 50. Maji yalijaa mara ya kwanza chombo kisitikisike. Walingoja yajae mara ya pili, huku kila mtu, mkubwa na mdogo, akishika zamu ya kufua maji kwa bomba. Baada ya saa 23 kikaelea. Ndipo kijana mmoja aliyewahi kuliona jambo hilo katika chombo kingine akasimamia kazi ya ajabu: walichukua tanga, wakalishonea nyuzi za kamba na sufu, wakalipaka samadi ya kondoo, wakalivuta chini ya merikebu kwa kamba. Msukumo wa maji ukaisukumiza takataka ile ndani ya tundu, likazibika. Walipokivuta chombo ufukweni kukikalafati, walikuta kipande kikubwa cha tumbawe kimekwama katika tundu lenyewe. Jiwe lililotoboa ndilo lililoziba. Hapo ndipo tumbo bapa la makaa lilipookoa roho zote, maana manowari ya chini nyembamba isingeweza kulazwa vile.

Msiba uliwakuta bandarini, katika mji wa Batavia, ambao leo ni Jakarta. Hadi hapo hakuna aliyekufa kwa kiseyeye, jambo lisilo la kawaida siku zile. Lakini Batavia walikuta malaria na kuhara damu. Huko na njiani kurudi walikufa watu wapatao 30. Tupaia alizikwa huko, akiwa mbali na kwao. Merikebu ilifika Uingereza Julai 1771.

Ndugu zangu, vitabu vingi vya shule hukomea hapo. Mimi nilichotaka kujua ni merikebu ilifanywa nini baadaye.

Ilirudishwa kazini kama chombo cha kupeleka vyakula na vifaa Visiwa vya Falkland. Ilikwenda mara tatu, na mara ya tatu, mwaka 1774, ilikwenda kuwaondoa askari na kuifunga ngome. Mwaka 1775 iliuzwa kwa mfanyabiashara kwa pauni 645. Vita vya uhuru wa Marekani vilipoanza, mwenyewe aliitaka serikali ikikodi chombo hicho. Serikali ikakikataa kwa ubovu. Kikatengenezwa, kikabadilishwa jina, kikaitwa Lord Sandwich, kikakubaliwa. Mwaka 1776 kilipeleka Marekani askari wa Kijerumani waliokodiwa kupigana na watu waliodai uhuru wao. Kisha kikafanywa gereza. Katika bandari ya Newport, Rhode Island, wafungwa walifungiwa katika chumba kile kile cha chini kilichowahi kujaa makaa. Agosti 1778, merikebu za Ufaransa zilipokaribia kuwasaidia Wamarekani, Waingereza walikizamisha kwa mikono yao wenyewe pamoja na vingine, ili kuziba njia.

Na kwa kuwa kilikufa kwa jina lingine, hapakuwa na aliyekililia. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba Endeavour ni chombo kingine kabisa. Mpaka miaka ya 1990 ndipo watafiti walipolinganisha karatasi za zamani, wakathibitisha kwamba Lord Sandwich na Endeavour ni kitu kimoja. Februari 2022 Jumba la Makumbusho ya Bahari la Australia lilitangaza kwamba mabaki yake yametambuliwa chini ya maji ya Newport. Wataalamu wa Rhode Island wakasema tangazo hilo limetolewa mapema. Mwaka 2025 jumba hilo lilitoa taarifa yake ya mwisho likishikilia msimamo wake. Watoto wa shule wa Marekani nao, walipoombwa kupendekeza jina la chombo kipya cha kwenda angani, walichagua Endeavour, nacho kikaruka mara ya kwanza mwaka 1992. Chombo cha makaa kikapata wajina juu ya mawingu.

Sasa niseme kwa nini habari hizi zilinishika.

Mimi nilitoka Chuo Kikuu na shahada yangu nikapangiwa makao makuu, idara ya mipango. Nilikaa miaka sita. Kisha nikahamishiwa wilaya moja ya mbali, nikaambiwa nikaiangalie bohari. Nilijiona nimetupwa. Niliwaficha wazazi wangu, na nilikuwa nikikwepa mkutano huu wetu mwaka hadi mwaka. Jioni, umeme ukiwapo, nilisoma vitabu. Ndipo nikakutana na merikebu hii, nikasema: na mimi ndivyo nilivyo, nimetoka kutazama nyota nimepelekwa Falkland kubeba unga.

Lakini ubaya wenyewe haukuwa bohari. Mwezi wangu wa tatu nililetewa hati ya kupokelea mali: madawati 120 ya shule za msingi. Mali yenyewe sikuiona. Nikaambiwa, weka sahihi tu, lori liko njiani. Nikaweka. Miezi miwili baadaye nilipita katika shule mojawapo kwa shughuli nyingine, nikawakuta watoto wa darasa la tatu wameketi chini, vumbini, wakiandikia mapajani. Mwalimu wao akanisalimu kwa heshima na kuniuliza kama sina habari ya madawati. Nilimjibu kwamba nitafuatilia. Jibu hilo linaniumiza hadi leo, kwa kuwa sahihi ilikuwa yangu.

Nilirudi nikaandika barua kwa wakubwa, nikieleza niliyotenda, bila kujisafisha. Nilipewa onyo la maandishi, na kupandishwa cheo kukasimama miaka minne. Madawati yalikuja 70. Hamsini hayajaonekana. Hati ya pili ya namna ile ilipoletwa mezani, safari hiyo ya saruji, sikuitia sahihi.

Merikebu haina la kusema. Ikipakiwa makaa hubeba makaa, ikipakiwa wataalamu hubeba wataalamu, ikipakiwa wafungwa hubeba wafungwa, na hatuwezi kuilaumu. Mimi nilijifananisha nayo kwa kujihurumia, nikasahau kwamba mimi nina ulimi na kalamu. Kupelekwa Falkland si aibu ya mtu. Anachokubali kupakiwa ndicho atakachojibia.

La mwisho, Ndugu Mwenyekiti. Yuko mwenzetu mmoja, tuliyekaa naye dawati moja, aliyetushinda wote katika Hisabati. Jina lake sitalitaja, nanyi mnamjua. Nilimpigia simu wiki mbili zilizopita kumwomba tuje pamoja. Akanijibu, "Ndugu yangu, nije kuonyesha nini? Mimi naendesha lori." Nikamuuliza analipakia nini. Akasema makaa ya mawe, kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara.

Nilimsimulia habari hii yote niliyowasimulia ninyi, akacheka sana, lakini hakukubali kuja. Naomba basi kila mmoja wetu mwenye namba yake ampigie kabla ya mwakani, na wengine kama yeye ambao viti vyao viko wazi leo. Ninyi wadogo zetu mliosimama, vikaeni viti hivyo kwa sasa, ila mkijua vina wenyewe.