Heshima ya msemaji si ushahidi

Leo nataka tuzungumzie namba moja tu. Ni hii: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Utaipata ukizidisha mbili 67 zenyewe kwa zenyewe, kisha ukatoa moja.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, msomi aliyeheshimiwa sana Ulaya, aliandika kwamba namba hii ni tasa. Yaani haigawanyiki kwa namba yoyote ila moja na yenyewe. Uthibitisho hakuutoa. Lakini nani angembishia? Kuhakikisha kulikuwa kazi ngumu, na jina la msemaji lilikuwa zito.

Ikapita miaka 232. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Edouard Lucas, akaonyesha kwamba namba ile si tasa. Ajabu ni kwamba hakuweza kusema inagawanyika kwa namba gani. Alikuwa kama mkaguzi wa hesabu anayethibitisha kwamba fedha zimepungua, lakini hajui zimetokea mlango upi.

Oktoba 1903, mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wenzake. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alichukua chaki, akaikokotoa namba ile ubaoni. Kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukajaa makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha namba hizo mbili hata mwanafunzi mwenye subira anaweza. Kuzitafuta ndiko kulikokula miaka. Tofauti hiyo ndiyo inayotumika leo kulinda siri za mabenki katika kompyuta, kwa namba zenye tarakimu mamia.

Mersenne hakuwa mwongo, alikosea tu. Waliokosa zaidi ni walioamini bila kukagua. Nasi kila siku tunatajiwa tarakimu: za bajeti, za mavuno, za wapiga kura. Mara nyingi tunauliza, "Kasema nani?" Swali linalofaa ni, "Hesabu iko wapi?"

Na anayepinga naye asitegemee kelele. Aende ubaoni kama Cole, atuonyeshe. Kwa maana kama hesabu yake ni sahihi, hata akinyamaza tutamwelewa.