Mshauri Naye Akasome



Niseme wazi. Wachungaji wetu wanapokea ndoa zilizovunjika, vijana waliokata tamaa, wajane. Wengi hawajawahi kufundishwa kusikiliza. Tunaomba, tunafunga, na ni vyema. Lakini mtu anayewaza kujiua akirudi nyumbani na andiko peke yake, kesho nani atamfuatilia?

Shahada ya uzamili ya ushauri nasaha inafundisha hilo hasa: kuuliza swali gumu bila woga, kujua lini umpeleke mtu kwa daktari, na kutunza siri. Siri, jamani! Mara ngapi neno la ofisini kwa mchungaji limegeuka ombi la ibada ya Jumatano? Tena si vitabu tu; mwanafunzi anakaa na watu wenye shida huku mwalimu akimsimamia.

Ninyi wa Kenya mnayo Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, inayodai mshauri asajiliwe. Chuo Kikuu cha Daystar wanafundisha fani hii. Wa Tanzania, Muhimbili wana uzamili wa saikolojia tiba. Na zahanati zetu, zinazoendeshwa kwa imani na daftari moja, zinahitaji mtu aliyesomea usimamizi wa huduma za afya; Strathmore, Nairobi, wanayo kozi hiyo.

Ada ni kubwa, najua. Hata spika zile tulizinunua kwa kuchanga. Basi kila tawi lilete jina moja, dada au kaka mwenye shahada ya kwanza na kifua cha kuhifadhi mambo ya watu, tuanze kumchangia.