Tuujue Mtaa Kabla ya Kununua Nyumba

(Mada iliyotolewa kwa kamati za mipango za sharika)



Sharika kadhaa zinatuuliza kama inafaa kununua nyumba ya kupangisha Dodoma ili zipate kipato cha kudumu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wengi huamini kila chumba kitapata mpangaji. Lakini mpangaji hachagui jiji, huchagua mtaa. Nasi mitaa hiyo bado hatuijui.

Kwanza, tujue mpangaji ni nani. Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, tutategemea wanafunzi. Likizo ndefu ikifika vyumba hubaki vitupu. Ihumwa, karibu na Mji wa Serikali wa Mtumba, tutatafuta watumishi wenye familia, ambao hutaka nyumba nzima yenye LUKU yake.

Pili, tuwaulize wapangaji wenyewe, siyo dalali: maji hutoka siku ngapi kwa wiki? Nauli ya kwenda kazini ni kiasi gani? Chumba cha jirani kimekaa kitupu miezi mingapi?

Tatu, twende mara mbili, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Korongo kavu la Agosti huonyesha njia yake Januari.

Nne, tufanye upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Mwenyekiti wa mtaa atatueleza migogoro iliyopo, lakini barua yake si hati.

Tano, tupige hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi milioni 40 inayopangishwa kwa 150,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu miezi 2, mwaka mzima huleta 1,500,000. Kabla ya kodi na matengenezo, fedha yetu itarudi baada ya miaka 26 na zaidi. Je, usharika uko tayari kusubiri hivyo?

Fedha hizi ni sadaka, na nyingine zimetoka kwa mama anayeuza vitumbua. Hivyo tunapendekeza kila usharika utume wajumbe 3, wakae huko wiki nzima, na taarifa yao isomwe mbele ya kamati kabla ya malipo yoyote, hata ya kishika uchumba.