Miezi 6 Si Mpaka: Familia na Ubongo wa Mtu Mzima Uliojeruhiwa

Wauguzi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja hapa, na nyinyi ndugu wa wagonjwa mliojibana safu za nyuma: sogeeni mbele, viti vipo, na mhadhara huu ni wenu kabla ya kuwa wa mtu mwingine.

Kuna maneno ambayo wengi wenu mmeambiwa, na baadhi yetu wataalamu tumeyasema, mlangoni mwa wodi siku mgonjwa anaporuhusiwa: “Mama, miezi 6 ya mwanzo ndiyo ya kupona. Hapo atakapokuwa amefikia, ndipo atakapobakia.” Nimekuja kuyapinga maneno hayo, na mtanivumilia nikichukua muda mrefu kuyapinga.

Sitarudia yale ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa 3 anayajua, kwamba ubongo hugonga fuvu, damu huvilia, uvimbe hubana, nyuzi za neva hukatika. Wala sina haja ya kueleza kwa nini wodi za majeruhi katika hospitali kama MOI, KCMC au Bugando zina vijana wengi wa bodaboda, madereva na abiria wao. Tunawaona kila siku. Ninachouliza ni kimoja tu: hiyo miezi 6 imetoka wapi?

Imetoka kwa watafiti. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow walitoa kipimo cha fahamu tunachokitumia mpaka leo, chenye alama 3 hadi 15. Mwaka uliofuata Jennett na Michael Bond wakatoa kipimo cha matokeo, chenye madaraja 5, kuanzia kifo hadi kupona vizuri. Ili wagonjwa walinganishwe, ilibidi wapimwe wakati mmoja, na desturi iliyoshika ni kuwapima baada ya miezi 6. Ukingoja zaidi, watu wanahama, simu hazipatikani, fedha za mradi zinakwisha. Hizo ni sababu halali kabisa za kazi ya utafiti. Lakini tarehe ya mtafiti kufunga hesabu zake tumeigeuza kuwa tarehe ya ubongo kuacha kazi, na kosa hilo tunawabebesha akina mama waje kulilipia.

Ni kweli kwamba kasi kubwa ya kupona huonekana mapema; asiyekubali hilo hajakaa wodini. Ila kupungua kwa kasi hakumaanishi kukoma. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao TRACK-TBI, uliotoa matokeo yake mwaka 2021, uliwafuatilia watu walioumia vibaya ambao wiki 2 baada ya ajali wengi wao walikuwa hawajiwezi kabisa. Kufikia miezi 12, takriban nusu walikuwa wameweza angalau kuachwa nyumbani peke yao kwa saa kadhaa, na wengine walikuwa mbele zaidi ya hapo. Na hiyo miezi 12 nayo ni tarehe ya watafiti vilevile.

Familia iliyoambiwa kwamba muda umekwisha hufanya nini? Nauli ya kliniki inahamia kwenye ada ya mdogo wake mgonjwa, mazoezi yanaachwa, na kijana anawekwa barazani asubuhi na kurudishwa ndani jioni. Siwalaumu, kwa sababu wamemsikiliza mtaalamu. Kisha mtaalamu akimwona kijana baada ya mwaka, hajaongeza chochote, husema: “Si nilisema?”

Sasa niruhusuni niingie kwenye kisa ambacho nimekifundisha miaka mingi na bado sijakichoka. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, msimamizi wa vibarua wa reli aitwaye Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba. Baruti ikalipuka. Mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Hakufa. Daktari John Martyn Harlow alimtibu, na kabla mwaka haujaisha kijana akawa amerudi nyumbani kwa wazazi wake.

Vitabu vya kiada husimulia kilichofuata kwa mistari michache: tabia iliharibika, matusi yakamtawala, mwajiri akamkataa, akawa mtu wa kutangatanga, baadhi ya vitabu vinamfanya hata mlevi. Mwanafunzi anafunga kitabu akiamini kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ikishaharibika, utu nao umekwenda.

Lakini Harlow mwenyewe alikuwa amempoteza Gage kwa miaka mingi. Alipata habari zake mwaka 1866, na aliyempa ni mama yake Gage, Hannah, ambaye wakati huo alikuwa akiishi San Francisco. Karibu yote tunayoyajua kuhusu miaka ya mwisho ya mtu huyo, ambayo Harlow aliyachapisha mwaka 1868, yametoka kwa mama huyo. Ni yeye aliyeeleza kwamba mwanawe alikwenda Chile mwaka 1852, akatunza farasi na kuendesha magari ya abiria, mara nyingi gari lenye mzigo mzito linalokokotwa na farasi 6. Ni yeye aliyesema kwamba aliporudi akiwa dhaifu mwaka 1859 alitaka kazi, akafanya kazi shambani, na kwamba alipenda watoto na wanyama, akiwasimulia wapwa zake visa vya ajabu alivyovibuni mwenyewe. Ni yeye aliyeona degedege ilipoanza, na kumzika Mei 1860.

Pimeni wenyewe. Mtu anayeamka alfajiri, akafunga farasi 6, akashika njia ya milima katika nchi ambayo lugha yake ameikuta ukubwani, akaendelea hivyo kwa miaka, ni mtu aliyepoteza utu? Mwanahistoria Malcolm Macmillan, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha jinsi sura ile mbaya ilivyotokana na kipindi cha mwanzo, ikakuzwa na waliokuja baadaye. Daktari alishuhudia mwanzo. Mama alishuhudia yaliyofuata. Sayansi ikachukua ya daktari ikayafanya kuwa ndiyo hadithi nzima. Fuvu la Gage na mtaimbo wake vimehifadhiwa Boston, katika Jumba la Makumbusho la Warren la Chuo Kikuu cha Harvard, na familia ndiyo iliyokubali fuvu hilo litolewe kaburini. Natamani maneno ya Hannah nayo yangetunzwa kwa heshima kama hiyo.

Nimeyaona haya pia kwetu. Mtoto wa dada yangu, fundi umeme, alianguka na bodaboda, akapasuliwa kichwa, akakaa siku nyingi bila fahamu. Dada alijifunza kumlisha uji kwa mpira na kumgeuza kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda. Kumwogesha kulikuwa mtihani: mama hawezi kumwogesha mwanawe mtu mzima mbele ya wodi nzima, basi kaka yake na mjomba wake wakapangiana zamu. Hayo hayamo kwenye faili lolote la hospitali.

Mlangoni wakaambiwa maneno yale ya miezi 6. Dada hakubishana. Kila jioni alimwekea ungo wa mchele, akae achambue mawe kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa mzito. Mwanzoni alitupa mchele akaacha mawe. Dada akawa anaandika kwenye daftari la shule: mawe mangapi ametoa, mangapi ameyaacha, amekasirika saa ngapi, amelala vipi. Mwezi wa 9 mawe yakaanza kutoka yote. Mwezi wa 14 akatumwa gengeni na noti, akarudi na chenji kamili, na akasema muuzaji alitaka kumpunja. Ukurasa huo dada ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alipouona, alibadilisha mazoezi siku hiyohiyo.

Wenzangu wananiambia ushahidi wa mama umejaa matumaini, hivyo hauaminiki. Hoja hiyo ina uzito, na nimeipima. Familia nyingine humlisha mtu anayeweza kushika kijiko, humjibia maswali, humficha chumbani wageni wakija. Zipo zinazomrudisha mtu mzima utotoni kwa mapenzi tu, na hilo linamchelewesha kuliko jeraha lenyewe. Lakini D. N. Brooks na wenzake wa Glasgow, katika utafiti wao wa mwaka 1986, waliwauliza ndugu wa walioumia vibaya, miaka 5 baada ya ajali. Ndugu walisema mzigo umeongezeka, na kilichowaelemea zaidi kilikuwa mabadiliko ya tabia kuliko udhaifu wa viungo. Je, hao ni watu waliopofushwa na matumaini? Anayeweza kusema hasira zimezidi mwaka huu ndiye huyohuyo ninayemwamini anaposema leo ametoa mawe yote.

Na mzigo huo una jinsia. Dada yangu alifunga biashara yake. Kila ninapotaja familia, nendeni mkaangalie ni nani hasa: ni mama, ni dada, ni mke, halipwi na haulizwi kama amekula. Hatuwezi kumgeuza kuwa muuguzi, kisha tukamnyima mafunzo ambayo muuguzi hupewa kabla ya kuingia wodini.

Kwa hiyo nasimama palepale. Mgonjwa wa ubongo asiruhusiwe mpaka ndugu anayemhudumia amefundishwa na kuonyesha kwamba anaweza. Daftari lake liingie kwenye faili, libebe uzito kama karatasi nyingine yoyote, na mpango wa mazoezi usifungwe kwa sababu ya kalenda. Daktari mmoja ninayemheshimu ameniuliza nani atasoma maandishi ya kila mama kwenye kliniki iliyofurika. Asome ukurasa wa mwisho tu, kabla hajagonga goti la mgonjwa kwa nyundo. Humo atakuta kazi ambayo kijana ameianza wiki hii na bado inamshinda, na aanze uchunguzi wake hapo.