Kenya: Wananchi Wanaohesabiwa Wakimbizi

Kwa miaka mingi askari wa Afrika Mashariki ameufahamu mpaka kuwa ni kitu cha kuonekana kwa macho: nguzo ya saruji, mto, kizuizi cha barabarani, na afisa wa uhamiaji mwenye muhuri mkononi. Katika Kaunti ya Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, upo mpaka wa aina nyingine. Mpaka huo umo ndani ya kompyuta, na maelfu ya watu waliozaliwa Kenya wamejikuta wamewekwa upande usio wao, ilhali hawajavuka hata hatua moja kuingia nchi ya kigeni.

Chanzo cha jambo hili ni kambi za wakimbizi za Dadaab. Kambi hizo zilianza mwaka 1991, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka nchini Somalia, na zilikusudiwa kupokea watu 90,000. Ilipofika mwaka 2011, wakati wa ukame na njaa kubwa, zilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Ndani ya kambi palikuwa na chakula cha mgawo, zahanati na shule. Nje ya kambi waliishi wafugaji, Wakenya wenye asili ya Kisomali, ambao mifugo yao ilikufa kwa ukame na ambao huduma hizo hawakuzipata. Wahenga walinena kuwa mwenye njaa hana miiko. Wengi waliingia kambini wakajiandikisha kuwa wakimbizi, wao pamoja na watoto wao, ili wapate kula.

Baadaye uandikishaji wa kalamu na karatasi uliifuata njia ya mashine. Alama za vidole zilichukuliwa na kuhifadhiwa, na mwaka 2013 zikaanza kutumika hata katika kugawa chakula, ili mtu mmoja asichukue mgawo mara mbili. Kwa kazi hiyo mashine ilifaa. Lakini kumbukumbu zile zile zikaja kutumiwa katika kazi nyingine kabisa, yaani kupambanua nani ni raia na nani si raia.

Matokeo yake ni haya. Kijana aliyepelekwa kambini na wazazi wake akiwa mtoto hutimiza miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho cha taifa. Huweka kidole chake juu ya kioo. Kompyuta hujibu kuwa kidole hicho ni cha mkimbizi, na maombi yake hukataliwa. Chifu anamjua, wazee wanaijua ndoa ya wazazi wake, na pengine baba yake mwenyewe anacho kitambulisho cha Kenya. Vyote hivyo havikuweza kushinda jibu la mashine. Haki na Sheria, shirika la kutetea haki za raia lililoko Garissa, limekadiria kuwa waliopatwa na mkasa huo ni watu wapatao 40,000.

Mtu asiye na kitambulisho nchini Kenya hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki, wala kupiga kura. Akisafiri kwenda Nairobi, kila kizuizi cha polisi ni hofu kwake.

Haitakuwa haki kusema kwamba serikali ya Kenya ilikuwa na wasiwasi wa bure. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Nchi iliyopigwa pigo la namna hiyo haina budi kuchunguza ni nani anayepita katika barabara zake. Hata hivyo, tukio hilo hilo lina fundisho. Mmoja wa wauaji wale alikuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Uraia haukumzuia kuua wenzake. Na kwa upande wa pili, mfugaji aliyenyimwa kitambulisho hujifunza kuwakwepa polisi. Akiona wageni wenye silaha porini, atasita kwenda kituoni kutoa habari, kwa kuwa yeye mwenyewe anaweza kukamatwa. Hivyo ulinzi hupoteza macho na masikio yake.

Hatua za kurekebisha zimechukuliwa. Mwaka 2021 shauri lilifunguliwa mahakamani kutetea walioathirika. Mwezi Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alifuta uhakiki maalumu ambao waombaji vitambulisho wa maeneo hayo walikuwa wakifanyiwa. Uamuzi huo uliondoa mzigo mkubwa. Lakini kumbukumbu ya kidole haifutiki kwa tangazo. Sharti itafutwe na kusahihishwa, mtu mmoja baada ya mwingine.

Ndugu askari, jambo hili haliwahusu Wakenya peke yao. Tanzania nayo imepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ipo tangu mwaka 1996. Watanzania nao husajili laini zao za simu kwa alama za vidole. Mashine hizi zimekuja kukaa, na msaada wake katika kuwabaini wahalifu ni mkubwa.

Lakini mashine hujibu swali moja tu: je, kidole hiki ndicho kilichoandikwa siku ile? Haisemi mwenye kidole aliandikwa kwa sababu gani, alikuwa na umri gani, wala nani alimshika mkono. Kuyauliza hayo ni kazi ya askari na afisa aliye zamu. Akiuliza, akasikiliza majibu na kuyaandika sawasawa katika kitabu chake, atakuwa ameulinda mpaka pamoja na raia aliye ndani yake.