JE, PIPI HULETA KISUKARI?

Mazungumzo ya mhudumu wa afya na wanakisomo, kijijini, Mkoa wa Dodoma



Juzi mama mmoja aliniambia hivi: "Mimi sili pipi, wala soda sinywi. Basi kisukari hakinipati." Siku ile ile mzee mmoja akasema, "Jirani yangu kapata kisukari. Ni ulafi wake wa sukari." Maneno haya tunayasikia kila siku. Leo tuyapime, maana maneno ya namna hii yanaweza kuua mtu.

Kwanza tujue kisukari ni nini. Ugali tunaokula, uwe wa mtama, uwele au mahindi, tumboni hugeuka sukari. Viazi na wali pia. Sukari hiyo huingia katika damu, na ndiyo nguvu yetu ya kushika jembe. Lakini ili iingie mwilini na kufanya kazi, lazima iwepo insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa tumbo.

Fikirini mavuno yako uani, na kihenge kimefungwa. Insulini ndiyo inayofungua kihenge. Ikikosekana, au ikizidiwa na kazi, sukari hubaki katika damu, kama mtama uliobaki nje. Huo ndio ugonjwa wa kisukari.

Sasa, kisukari kina aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Kinga ya mwili wenyewe hukosea njia, ikaharibu kongosho. Insulini inakwisha. Ugonjwa huu hauletwi na pipi hata kidogo.

Namjua mama mmoja mwenye genge. Mtoto wake alianza kunywa maji bila kutosheka, akakojoa kitandani, akakonda. Ndugu wakamlaumu mama: "Wewe ndiwe uliyempa pipi za gengeni!" Wakamzuia mtoto asile sukari, wakampa dawa za majani. Wiki ikapita. Mtoto alifikishwa hospitali hajitambui. Bahati nzuri alipona, na sasa anachoma sindano ya insulini kila siku na shule anakwenda. Lakini wiki ile ya lawama ilikaribia kumtoa roho. Kabla ya insulini kugunduliwa huko Kanada mwaka 1921, watoto wa namna hii walikufa. Leo hakuna sababu ya kuwazika. Ila mtoto huyu asiachishwe sindano, hata kama anaonekana mzima.

Aina ya pili ndiyo inayowapata watu wengi, hasa watu wazima. Hapa insulini ipo, lakini mwili hauisikii vizuri, na kongosho linachoka. Mambo yanayoileta ni mengi: unene, hasa wa kitambi, kukaa bila kuutumikisha mwili, umri, na damu ya ukoo. Je, sukari imo? Imo. Pipi moja haileti kisukari. Lakini vitu vitamu vikizidi kila siku huongeza unene, na unene huita kisukari. Vinywaji vitamu ndivyo vibaya zaidi, maana vinapita bila kushibisha. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko 8 vya chai. Ongeza chai ya vijiko vinne asubuhi na jioni. Ongeza na ule ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi. Hesabuni wenyewe!

Basi yule mama asiyekula pipi naye asijidanganye. Akila sahani kubwa ya sembe na chipsi, akakaa kutwa nzima, kitambi kitakuja tu, na kisukari kinaweza kufuata.

Miaka ya 1980 wataalamu walipima watu katika vijiji 6 vya nchi yetu. Mwenye kisukari hakufikia hata mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012 walipima watu wa miaka 25 hadi 64 nchini. Waliokutwa na sukari nyingi katika damu walikuwa karibu 9 kati ya 100. Pipi peke yake haikufanya hivyo. Maisha yamebadilika. Zamani tulitembea, leo tunapanda bodaboda. Zamani tulikula dona, uwele na mlenda, leo tunatafuta sembe nyeupe na mafuta mengi.

Tufanye nini basi? Tupunguze sukari katika chai. Soda isiwe kinywaji cha kila siku. Kiu ikatwe kwa maji. Tule dona, mtama, maharage na mboga. Tutembee.

Na dalili tuzijue: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, kukonda, uchovu, macho kuona ukungu, kidonda kisichopona. Wengine huona sisimizi wamejaa pale walipokojoa. Ukiona hivyo, nenda ukapimwe. Ni tone moja tu la damu kidoleni. Wengine hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo mwenye kitambi au mwenye ndugu mgonjwa apimwe hata kama hasikii kitu.

Jambo la mwisho. Mtu anayechoma insulini akitetemeka na kutoka jasho jingi, huenda sukari yake imeshuka mno. Mpe sukari, soda au pipi upesi. Ndiyo, wakati huo pipi ni dawa! Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Wazee mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tulisoma pamoja, tukachimba vyoo pamoja. Na hili tulifanye pamoja. Mgonjwa tusimcheke wala kumlaumu. Tumpeleke akapimwe.



MASWALI YA KUJADILI
1. Kwa nini si haki kumlaumu mama wa mtoto mwenye kisukari?
2. Nyumbani kwako mnatumia vijiko vingapi vya sukari kwa siku?
3. Nani katika ukoo wako anafaa kupimwa?