Kinga Ikizidi Kipimo: Mazungumzo na Wakazi Kuhusu Magonjwa ya Kifua



Kuanzia Juni hadi Agosti baridi hutubana, kutoka Timau hadi Manyatta. Tunakaa ndani, madirisha yamefungwa, kuni zinawaka. Hapo ndipo virusi vya mafua, vya RSV na hata vya korona hupata njia rahisi ya kutoka kwa mtu hadi mtu. Ombi ninalolisikia sana msimu huu ni hili: "Nipe dawa ya kuongeza kinga." Leo tuelewane: kinga kuwa kali zaidi si lazima iwe kinga bora.

Virusi vikiingia mapafuni, mwili hutuma seli zinazoitwa seli za T ili ziue seli zilizoambukizwa. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini ina gharama. Mapafu huvimba, maji huingia katika vifuko vya hewa, na mgonjwa hukosa pumzi. Aliyelemewa mara nyingi haumizwi na virusi peke yake, bali pia na vita vya mwili wake mwenyewe.

Ndiyo maana tuna seli nyingine za T, ziitwazo seli dhibiti. Zifananishe na wazee wa Njuri Ncheke: kazi yao ni kuamua ugomvi kabla boma halijabomoka. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka wa 1995. Mwaka wa 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waligundua jeni ambayo ikiharibika, kinga ya mtoto huushambulia mwili wake mwenyewe. Baadaye ilibainika kuwa jeni hiyo ndiyo inayoziongoza seli dhibiti. Watatu hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2025.

Watafiti walipowaondolea panya seli hizi na kuwaambukiza RSV, panya waliugua zaidi na kukonda. Tena virusi vilichelewa kuondoka, kwa kuwa seli dhibiti husaidia pia wapiganaji kufika mapafuni kwa wakati. Katika mafua, hutoa kemikali inayosaidia mapafu kupona.

Korona ilitupa funzo hilo hilo. Juni 2020, utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga, iliokoa maisha ya wagonjwa waliohitaji oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Dawa ni moja, wakati ni tofauti. Kwa hivyo usinunue steroidi bila kuandikiwa, wala usitumie za jirani. Aliyeandikiwa kwa ajili ya pumu asiache. Na dawa za "kuongeza kinga" zinazotembezwa sokoni, hazijui wakati wa kupigana wala wa kutulia. Weka pesa yako.

Tufanye nini basi? Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui mapema, akiwa bado mchache. Chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya watoto wa Kenya tangu 2011. Huzuia bakteria wanaovizia mapafu yaliyodhoofishwa na virusi. Nyonyesha mtoto. Fungua dirisha unapopika. Nawa mikono.

La mwisho, akina mama na akina baba, jifunzeni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Pia kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi, mpeleke kituo cha afya wakati huo huo, hata kama homa imeshuka. Homa kushuka haimaanishi vita mapafuni vimekwisha. Usingoje kuche.